Jana, Jina

Kutaisi, saa nane za usiku. Radieta inakohoa.
Bibi Tsiala, miaka themanini na minane,
amekifuta kitufe cha F5 kwa kidole cha shahada:
maandishi yametoka, kimebaki kijumba cheupe.
Kila akibonyeza huchora mstari daftarini.
Mistari elfu sita na kitu. Idadi anaijua, haisemi.

Ukurasa ni wa ofisi ya kumbukumbu,
orodha ya waliochukuliwa mwaka wa thelathini na saba.
Wanaichapa upya kutoka makaratasi yaliyolowa:
leo majina manne, keshokutwa moja, wiki nzima kimya.
Hawatangazi. Hawapigi hodi.
Jina huingia kama paka.

Mjukuu wake, Malkhaz, akamwambia:
Bibi, kalale. Nitakuwekea mlinzi.
Akauliza: analipwa kiasi gani?

Swali zuri. Mlinzi wa kwanza alikuwa mfujaji.
Kila dakika alifungua kivinjari,
akaupiga picha ukurasa toka utosi hadi nyayo,
akampa akili mnemba ausome upya,
majina elfu nne yaleyale,
kama mtu anayehesabu punje zote za gunia
kujua kama panya amepita.
Siku tatu, bili ikameza nusu ya mshahara.
Na usiku alimwamsha Malkhaz mara tisa:
saa ya pembeni imesogea;
idadi ya wageni imeongezeka
(mgeni ni yeye mwenyewe);
tangazo la mapipa ya mvinyo limekuwa la matairi.

Akaketi akamfunza kutojali,
kazi ngumu kuliko kufunza kuona.
Usitazame saa. Usitazame matairi.
Chukua orodha peke yake, mifupa bila nguo,
ipige muhuri wa tarakimu, linganisha na wa jana.
Ikifanana, funga mlango, usimwamshe msomi.
Muhuri ukivunjika, ndipo umgonge begani,
mpe mstari uliogeuka na jirani zake wawili,
aseme kwa maneno ya watu kilichotokea.
Gharama ikashuka hadi bei ya mkate.

Bibi alikubali. Akaendelea kubonyeza kwa siri;
kitufe kilisikika ukutani kama mende.

Alhamisi, mwezi wa pili, theluji chafu barabarani.
Muhuri umevunjika.
Idadi ya majina, ileile. Urefu wa ukurasa, uleule.
Nusura Malkhaz aseme ni kelele tu, ajifunike.
Msomi aliandika mstari mmoja:
*Namba 2318. Herufi moja imesahihishwa.
Kurashvili sasa ni Qurashvili. Ilarion.*

Ile ya kooni.
Ukisoma Kigeorgia unajua: ipo ya ulimi, ipo ya koromeo,
kama kafu na qafu machoni pa mtoto wa chuoni.
Mpiga chapa mmoja, mchovu, au mwenye mafua,
alimzika mtu mara ya pili kwa konsonanti.

Kwa hiyo baba yake alikuwa pale siku zote,
kafungwa katika jina la jirani,
na binti amempita mara elfu sita na kitu.

Haya alinisimulia Malkhaz kwa simu;
tunagawana zamu, yeye huko, mimi huku kwenye joto.
Sikuwa na la kumjibu. Nilitazama lugha yangu mwenyewe,
nikaona kati ya *jana* na *jina*
ni herufi moja tu,
nayo nilikuwa nikiipita tangu darasa la kwanza.

Nikauliza: bibi alisema nini?

Alivaa miwani. Akagusa kioo cha kompyuta, si kitufe.
Akasoma jina kwa sauti, na koo lake lote.
Kisha akafungua daftari, akachora mstari wa mwisho,
akaona haukunyooka, akaurudia.

Malkhaz akanyosha mkono kumzima mlinzi.

"Mwache," akasema bibi.
"Waliokosea herufi mara moja
hawashindwi kukosea tena."