Msoma Mita Ainua Kichwa

Miaka thelathini na mmoja nimeuzunguka mji wa Moshi kwa miguu
na sijawahi kuuona.
Nilikuwa nautazama nikiwa magotini:
vifuniko vya chuma, mijusi, mbwa wa watu,
tarakimu tano nyeusi zikijikokota chini ya kioo chenye ukungu.
Kwa Mama Aikaeli, mia nne na kumi na mbili.
Kwa fundi cherehani, mita imekufa, andika makadirio.

Leo ni Jumanne ya kwanza ya kustaafu kwangu.
Ndeshi kaniambia, usinizunguke jikoni kama paka aliyenusa dagaa,
nenda katembee.
Wapi?
Popote pasipo na mita.

Nikaanzia stesheni.
Reli mbili zimelala kama ndugu waliokosana zamani,
hawasemeshani, na hakuna anayehama.
Mbuzi alikuwa katikati yao, akila majani bila upande.
Nikaketi kwenye benchi la abiria, mikono mitupu,
hata mlinzi akanisogelea: Baba, unasubiri nini?
Nimeshafika, nikamjibu,
naye akaondoka akitikisa rungu, hajaridhika.

Kisha mitaa ya maduka,
polepole, upande wa kivuli.
Nikainua kichwa.
Juu ya duka la vipuri vya pikipiki, kwenye paji la ukuta,
tausi wawili wa saruji, mmoja hana mdomo,
na kati yao: 1936.
Chini ya tausi hao nimepiga magoti mara mia tatu sabini na mbili.
Nilihesabu palepale, midomo ikicheza.
Namba pekee mtaa mzima ambayo haijawahi kupanda.

Ghorofani mwanamke akaacha kuanika mashuka.
We wa maji! Unakuja kukata?
Hapana mama, natazama nguzo za roshani yako.
Nguzo gani?
Akainama kuzitazama na yeye,
akazishika, moja baada ya nyingine,
kama mtu anayekagua ndizi sokoni.
Kumbe zina maua, akasema.

Kwenye mnara ilikuwa saa nne, mkononi mwangu saa saba.
Nikauacha mnara ushinde.
Nikanunua kahawa ya kikombe kidogo, na kashata,
nikaongeza cha pili, kwa kuwa hapakuwa na foleni ya nyumba
iliyonisubiri ng'ambo ya barabara.
Upepo ulileta harufu ya kahawa mbichi
kutoka maghala ya kukobolea.
Ningeapa haikuwepo miaka yote ile.
Au nilikuwa nanusa kutu tu.

Saa kumi na moja wingu likafunguka, bila taarifa,
na Kibo akatoka mzima mzima juu ya mapaa ya bati.
Nikasimama katikati ya njia, bodaboda ikanipigia honi.
Theluji ile niliijua kwenye mabomba, haikuwa na sura.
Nilipoajiriwa ilifika chini zaidi, au nakumbuka vibaya?
Mita kubwa kuliko zote,
inasoma kurudi nyuma,
na hakuna aliyetumwa kuiandika.

Nilipofika nyumbani, langoni, kiatu kikaloa.
Umeona nini? Ndeshi akauliza.
Nikataka kusema tausi. Nikataka kusema maua ya saruji.
Nikasema: mita yetu inavuja.
Tangu lini?
Sijui. Ya kwetu ilisomwa na Kimambo, ndiyo kanuni.

Akaleta tochi.
Tukachuchumaa wote wawili.