Kibali Si Amri

Mita tatu kwenda nyuma ni zako, usiniulize.
Hata kama nyumba yako imebanwa bega kwa bega na za jirani,
chomoza kipenu chako, paa lisizidi mita nne,
jenga, lala, usinijue jina.
Ukitaka ya tano, ndipo tunapojuana.

Futi kamba yangu imekatika ncha.
Naanzia kupima kwenye sentimita ya pili,
kisha natoa mbili kichwani.
Miaka kumi na tisa katika halmashauri ya Aldercote
nimejua kwamba watu hawaniogopi mimi.
Wanaogopa kivuli cha jirani.

Oktoba, Gareth Ollerenshaw, nambari kumi na saba, mtaa wa Tannery,
aliomba chumba cha chini kwa ajili ya mama yake.
Mita tano. Choo humo humo. Mlango mpana wa kupita kiti cha magurudumu
ambacho bado hakijanunuliwa.
Nikafunga tangazo la njano kwenye nguzo ya taa,
nikalivika nailoni, maana mvua ya huku haisomi, inafuta.
Siku ishirini na moja, mwenye neno aseme.

Pickersgill wa kumi na tisa alisema. Kurasa nne.
Nyanya zake, kibanda chake cha vioo,
jua la saa tisa litakaloibwa dakika arubaini.
Nilikwenda kutazama. Nyanya zilikuwa zimekauka tangu Agosti.
Bi. Chaudhry wa kumi na tano aliandika mstari mmoja:
wajenge, ila wasigonge asubuhi, mwanangu anatoka zamu ya usiku.

Kisha ikaja ya tatu, kwa mkono,
bahasha ya zamani, jina la kwanza limekatwa.
Pingamizi.
Anwani ya mpinzani: kumi na saba, mtaa wa Tannery.

"Mimi Winifred Ollerenshaw napinga chumba changu.
Ngazi yetu ina vipandio kumi na vinne.
Cha sita kinalia. Cha tisa ndipo mume wangu alipoketi kufunga viatu
miaka thelathini na mmoja.
Juu nina dirisha. Naiona treni ya saa kumi na mbili na dakika nane,
watu wameegemeza vichwa kwenye vioo.
Chini nitaona nini? Uzio na pipa la taka.
Gareth ni mwana mwema. Tafadhali msimwambie."

Msimwambie!
Na sheria inataka kila barua iwekwe wazi.

Nikafungua orodha ya yale ninayoruhusiwa kuyasikia:
mwanga, faragha, rangi ya tofali.
Mandhari ya dirishani si hoja.
Mume si hoja.
Kipandio kinacholia, nilikitafutia kisanduku, sikukiona.

Nilipokwenda kupima, Gareth alikuwa ameshaisoma.
Alinimiminia chai akasahau maziwa.
"Wiki mbili zilizopita alianguka," akasema. "Hilo hakuliandika."
Sauti ikashuka kutoka juu:
"Nilijikwaa!"

Wiki ya nane nikatia sahihi.
Tofali lifanane na la zamani, fremu ziwe za mbao.
Nikampelekea mwenyewe, nikasimama chini ya ngazi,
nikasema kwa sauti kuliko ilivyohitajika:
kibali si amri. Kinaishi miaka mitatu.
Mnaweza kukiweka tu kwenye droo.

Februari nilirudi mtaa ule kwa ajili ya Pickersgill,
amesimamisha uzio kupita kiasi.
Kumi na saba, matofali yalikuwa uani chini ya turubai,
nyasi zimeanza kuyaparamia.
Mlango ulikuwa wazi. Ndani, kando ya ngazi,
mkono mpya wa mbao, bado haujapakwa rangi,
toka chini hadi juu.
Huo hakuna anayeniomba.

Treni ikapita. Sikuinua kichwa, nilikuwa kazini.
Futi kamba ilisema mita mbili na sentimita kumi na mbili.
Nikatoa mbili.