Barua ya Pili

Siku ya kwanza alipotaja jina lake getini
mlinzi alicheka hadi akashika nguzo.
Wezi. Wezi Nyirongo, wa Mzuzu.
"Wezi mmoja? Wenzako umewaacha wapi?"
Naye, kwa Kiswahili alichokiokota Kyela,
akasema kwao jina hilo ni neema.

Kibali chake nilikitoa nakala mwenyewe.
Kazi: fundi, mashine ya kuchambua kahawa.
Mwajiri: kiwanda chetu, njia ya Kiboriloni.
Mahali: Moshi.
Muhuri wa bluu umelala upande
kama mtu aliyechoka.
Karatasi ile ilimjua kwa mistari mitatu
wala haikutaka kumjua zaidi.

Sisi tulimjua zaidi.
Tulijua kwamba punje mbovu huisikia kwa sikio,
anasimamisha mashine, anainama, anatoa kijiwe
kidogo kama jino la mtoto.
Tulijua kwamba kiburu anakila hadi anakwangua sahani,
lakini mbege ilimshinda:
kinywaji gani hiki, alisema, kinachotafunwa?

Kisha Septemba, magunia yamegusa dari,
msimamizi wa zamu ya usiku akastaafu
na Bwana Ngowi akaniita: "Ndeshi, andika."
Nikaandika. Kutokana na bidii na uaminifu wako.
Nikagonga muhuri. Tukapiga makofi.
Wezi akanunua soda, kreti nzima,
hata yule mlinzi akapata mbili.

Barua ilikuwa moja.
Zilitakiwa mbili.

Ya pili ilikuwa ya kwenda kwa Ofisa wa Kazi,
mistari minne, mitano: tunaarifu, tunaomba,
cheo kimebadilika, kibali nacho kibadilishwe.
Nilijua. Sitasema sikujua.
Jumatatu niliiandika kichwani,
Jumanne printa ikatafuna karatasi,
Jumatano tulikuwa na msiba Uru,
kisha likawa jambo lililokwisha fanyika
kwa vile nilikuwa nimeliwaza mara nyingi.

Walikuja wawili, Februari,
mlima uko wazi, hauna hata wingu la kujifunika.
Wapole. Waliomba maji ya kunywa.
"Msimamizi wa hapa ni nani?"
Na Wezi, kwa fahari, akainua mkono.

Mkono ule.
Ningekuwa karibu ningeushusha.

Mmoja akasoma kibali, akasoma kitambulisho kifuani,
akarudi kwenye kibali
kama anayetafuta tofauti ya mapacha.
"Hapa fundi. Hapa msimamizi.
Sasa wewe ni nani?"
"Ni mimi," akasema.
Jibu la kweli,
lakini fomu haikuwa na kisanduku chake.

Nilikuwa nadhani kibali hupotea
kwa kughushi, kwa tarehe kupita,
kwa kukutwa unauza duka la mtu mwingine.
Sikujua mtu anaweza kukipoteza
kwa kusifiwa.

Kiwanda kililipa faini. Kiwanda kina pesa za faini.
Yeye alipewa siku saba,
na ya tano aliitumia na kijana Elirehema,
wamefumba macho wote wawili mbele ya mashine,
anamfundisha kusikiliza.

Basi la Mbeya huondoka kabla hakujapambazuka.
Nilimpelekea ndizi mbivu na chupa ya chai.
Mkobani nilikuwa na ile barua ya pili,
nimeichapa usiku, nimeiwekea tarehe ya Septemba.
Ya nini? Sijui. Sikuitoa.
Yeye ndiye aliyefungua begi.
"Dada Ndeshi," akasema, "asante kwa barua."
Ile ya kwanza. Ameivisha nailoni isilowe,
anakwenda kumwonyesha mama yake.

Muhuri wake umenyooka.
Huo niliugonga vizuri.