Sikio la Kulalia

Wiki ya kwanza ya Desemba bosi alibandika ratiba
ukutani, juu ya magunia ya unga:
saa nne usiku hadi saa moja asubuhi,
kila siku, mpaka mkesha wa Mwaka Mpya.
Thesaloniki nzima inataka biskuti za asali,
na asali haijui kwamba nina mtoto.

Lefteri yuko melini, anawapikia mabaharia supu
mahali fulani kati ya Rotadamu na chumvi.
Goti la mama mkwe limegoma.
Nikabandika karatasi duka la dawa:
Anatafutwa yaya. Mtoto mmoja, miaka mitatu, Stamati.
Sikuandika kwamba halali
mpaka ashike sikio la mtu.
Mengine hayaandikwi duka la dawa.

Wa kwanza alikuja na faili.
Cheti cha huduma ya kwanza, cha muziki, cha kuchora kwa vidole.
Akauliza tunafuata falsafa gani ya malezi.
Nikasema tunafuata basi la saa tatu na nusu.
Hakucheka. Hakurudi.

Wa pili, mwanafunzi, mpole,
aliishika simu yake kama kitasa cha mlango.

Wa tatu, Kiria Evanthia wa ghorofa ya nne,
alifungua friji yangu kabla ya kuketi,
akaguna,
akaifunga.
Najua asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu,
lakini sikutaka ulimwengu uingie na mguno ule.

Wa nne alichelewa, amelowa.
Nanuli, mtu wa Kutaisi, Jojia,
Kigiriki chake kikichechemea lakini kikifika.
Nilikuwa na maswali nyuma ya risiti ya mayai.
Nikaanza. Stamati akatoka chini ya meza,
akamtazama shingo,
kisha juu kidogo.
Nanuli akakatiza sentensi,
akavua hereni ya kulia, akavua ya kushoto,
akaziweka kwenye kisahani, ting, ting,
akainama kama anayepita mlango mfupi.

Maswali yakabaki kwenye risiti.

"Sharti moja. Tarehe saba Januari siji.
Ndiyo Krismasi yetu. Mjukuu wangu hupiga simu,
nami humwonyesha nilichopika."
Nikasema sawa, upesi upesi,
kama muuzaji anayeogopa mteja atahesabu upya.
Sikuuliza huyo mjukuu hushika sikio la nani.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi nilirudi
nimejaa mdalasini hadi kwenye kope.
Nikawakuta wamelala, vidole viwili vya mwanangu
vimebana ndewe ya Nanuli kama kibanio cha nguo.
Nilipaswa kufurahi. Nilifurahi.
Pia nilishika sikio langu mwenyewe, na koti bado mwilini:
lilikuwa baridi, lina unga.

Mwaka Mpya tukakata keki, sisi wawili na Lefteri simuni:
kipande cha nyumba, cha mgeni, cha baba baharini,
cha Stamati, changu.
Cha Nanuli nikakifunga kwenye karatasi ya aluminiamu.
Sarafu haikumtokea yeyote.
Lefteri akasema labda bosi wako kaila.

Usiku wa tarehe sita nilitoa sindano ya kufumia,
nikakichoma kile kipande polepole,
kama daktari asiye na leseni.
Kikagonga.

Nilisimama pale kwa muda ambao sitautaja.
Kisha nikanyunyiza sukari juu ya tundu
na kukifunga tena.

Tarehe nane alikifungua jikoni,
hereni zake tayari kisahanini.
Akapuliza sukari. Akainua macho.
"Panya?"
"Panya," nikasema,
nikamwongezea kahawa.