Ubao wa Mlangoni

Juni kumi na mbili. Jua halijatoka
nami nimekwisha panda, nimekwisha shuka,
chaki imelowa mfukoni.
Naandika:

Kutoka hapa mpaka kijitoni, njia kavu.
Daraja lipo. Ubao wa tatu umeoza, urukeni.
Kutoka kijitoni mpaka shingo ya mlima
theluji ya jana juu ya theluji ya Machi:
mgeni amelala kitanda kimoja na mwenyeji
na bado hawajajuana. Msiwaamshe kwa kishindo.

Alfajiri ni kioo. Vaeni meno ya chuma.
Saa nne ni chumvi.
Saa saba ni uji, na uji huo
humeza mguu mpaka pajani,
haurudishi kiatu bila kubembelezwa.

Mgongo wenyewe:
upande wa kusini, mawe matupu,
vijiua vya manjano vimekwisha jitokeza nyufani.
Upande wa kaskazini, upenu.

Hapo chaki husita.
Upenu wa theluji hauna nyumba chini yake.
Upepo ndio fundi, hadai ujira, hatoi dhamana.
Ukisimama juu yake unaona mbali, unaona Ufaransa,
unaona ng'ombe wa watu wengine kama punje za mtama,
unaona kila kitu
ila ulichokikanyaga.

Kaka yangu Betrán ndiye aliyeuandika ubao huu kabla yangu.
Alikuwa na maneno mawili tu:
Inapitika. Haipitiki.
Mwezi wa Mei, miaka sita sasa, aliandika la kwanza,
kisha akaenda kuhakikisha.
Meno yake ya chuma aliyaacha hapa, msumarini.
Tulimpata Julai, theluji ilipochoka kumficha,
kofia kichwani, sululu mkononi,
na chaki mfukoni, nyeupe ndani ya nyeupe.

Tangu hapo maneno yangu ni mengi.
Wageni hucheka: Orosia, huu ni ubao au barua?
Ni barua. Someni mpaka chini.

Leo amekuja Eudald, kijana wa tambarare,
viatu vya kukimbilia, soksi zenye picha za ndizi.
Dada yake anaolewa kesho, bonde la pili,
na basi la kuzunguka limeondoka jana.
Hakusoma. Aliuliza huku akitafuna mkate wangu:
Inapitika?

Nilitazama mikono yake. Haikutetemeka,
na hilo ndilo lililonitia hofu.
Nikamwambia, husema watu mwenda pole hajikwai.
Si kweli. Hujikwaa kama wengine,
ila hupata muda wa kushika jiwe.
Akanyamaza. Kutafuna kukakoma.
Nikanyoosha mkono msumarini,
nikayashusha, nikapangusa kutu kwa aproni,
nikapiga magoti kumfunga kamba
kama anayemvisha mtoto viatu vya shule.
Hakuuliza ni ya nani.
Sikumwambia.

Kwa darubini nilimfuata:
doa jekundu, doa jekundu, kisha ukungu,
kisha doa jekundu likisogea kaskazini,
kwenye mandhari.
Nilipiga kelele. Mlima ni mkubwa, sauti ni ya mtu mmoja,
supu ikamwagika jikoni.
Doa likasimama.
Likakaa chini, kabisa, kwa makalio,
na kwa makalio hayo likarudi nyuma polepole
mpaka kwenye mawe.
Halafu ukungu ukafunga dirisha lake.

Sasa ni saa kumi jioni. Simu ya bonde la pili
haijalia. Huwa haishiki vizuri siku za ukungu.
Nimeufuta ubao nusu, nusu nimeubakiza,
nikaongeza:

Nyayo zipo, za mtu mmoja, zina meno.
Zifuateni mpaka rundo la tatu la mawe.
Zinapokata kulia, msikate.
Baada ya hapo sijaona.