Kikombe cha Lamara

Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni,
Tbilisi yote theluji na giza,
na pampu ya tangi, iliyokoroma
tangu enzi za meneja wa kwanza,
ikanyamaza.

"Ni samaki tu," alisema Nugzar,
akitafuta glavu zake kwa mwanga wa simu.
Wahasibu wakashuka ngazi.
Lamara akabaki.

Anachota kikombe, anakiinua, anamimina,
maji yaanguke na pumzi ndani yake.
Ni kikombe chake cha kahawa,
chenye jina la benki iliyofilisika.

Anachota. Anamimina.
Samaki saba wenye mstari wa buluu ubavuni
wamepanda juu, midomo wazi,
kama wadaiwa waliotaka kusema jambo
wakaghairi.

Hawamjui. Hajidanganyi.
Kawalisha hawa na waliowatangulia
kwa ncha za vidole, miaka kumi na minane,
na hakuna hata mmoja aliyegeuka alipomwita.

Ila kuna usiku mwingine, wa hospitali,
mumewe akivuta hewa upande wa pili wa kioo,
naye kazuiwa mlangoni,
mikono mitupu.

Leo mikono ina kazi.
Shali lake la sufu amelivisha tangi,
meno yanagongana, anahesabu:
mia nne na tatu. Mia nne na nne.

Saa nane usiku pampu ikakohoa.
Akawasha taa, akahesabu tena.
Sita.

Asubuhi Nugzar akauliza
mbona zulia limelowa.
"Nimemwaga chai," alisema,
akafungua daftari.