Herufi ya Mwisho

Nimeitwa niandike jina upya.
Makubaliano: makopo mawili ya buluu, moja jeupe,
brashi nije nazo mwenyewe,
na chakula cha mchana jikoni kwa Mbodze.
Ukuta wenyewe unaitazama barabara ya malori ya Magongo;
kila kontena likipita, vumbi linalala juu ya rangi mbichi
kama mgeni asiyebisha hodi.

SHULE YA MSINGI. Hapo sikukosea.
Mwalimu Mkuu, Bi Naliaka, kanipa kijikaratasi
kilichokunjwa mara nne: DAMA KITSAO.
"Na usiweke 'Mama'. Watu hupenda kuweka Mama.
Alikataa mwenyewe, akasema wanawe wanamtosha."

Mapumziko. Gredi ya nne wamemwagika uani
na vikombe vya uji, na masharubu ya uji,
wananisimamia kama makarani wa forodha.
"Wewe, unamjua huyo unayemwandika?"

Namjua. Ana deni kwangu,
au tuseme mimi nina deni lake:
viazi vya karai, shilingi tatu na senti hamsini,
mwaka ambao nyinyi hamjawa hata wazo.

Kiwanja hiki kilikuwa mchanga na vigae vya chupa.
Wakaja wanaume wa suti na kamba ya kupimia,
wakitaka petroli iuzwe hapa.
Walikuwa na hati yenye mihuri miwili.
Dama hakuwa na hati. Alikuwa na karai.
Akaliteleka palepale kwenye alama yao ya chokaa,
akapuliza moto, akamenya viazi.
Wakamwambia, ondoka.
Akawauliza, "Vya pilipili au vya ndimu?"

Siku ya kumi na moja mmoja wao alinunua.
Siku ya arubaini alirudi peke yake, bila kamba.
Kilichosemwa mahakamani sikijui.
Wako wasemao ni wakili, wako wasemao ni uchaguzi.
Mimi nakumbuka harufu ya mafuta,
na madarasa mawili ya mabati yaliyoota nyuma yake
akiwa bado anauza.

Ndege inashuka, tumbo lake karibu lishike paa.
Dirishani mwalimu wa Kiswahili
anaikata sentensi katikati ya ngeli,
chaki juu, anangoja.
Shule nzima imezoea kunyamaza namna hii.
Ila lile darasa la mwisho, la watoto viziwi:
humo gumzo haliahirishwi,
mikono inaruka, mtu anasutwa, mtu anacheka,
ndege na ipite ikitaka.

Hapa kila kitu kina kazi mbili.
Maji ya kunawa ndiyo ya sukumawiki ya kilabu.
Dawati la gredi ya kwanza, Ijumaa jioni,
linakaliwa na mama zao, magoti yamegonga mbao,
wanasoma *ba, be, bi* kwa sauti ya chini
wasije wakasikiwa na wanao wanaochungulia.

Nilipima kwa jicho. Jicho likanidanganya.
DAMA KITSA, na ukuta umekwisha.

Bi Naliaka akashika kiuno. "Futa, uanze tena."
Buluu imebaki robo kopo.
Zulfa wa darasa la mwisho alikuwa akiyafuata maandishi
kwa vidole, herufi kwa herufi, akiwaonyesha wenzake.
Alipofika mwisho, vidole vyote vikakutana na gumba,
tundu la duara,
akalinyoosha kuelekea kona.
Mbodze, mwiko mkononi, akatoka moshini:
"Si amekwambia? Pinda nayo."

Nikapinda.
Herufi ya mwisho iko ukuta wa jikoni,
juu ya dirisha, mviringo, pana kidogo kuliko nyingine,
na tayari imeanza kushika masizi upande wa chini.
Atokaye barabarani atasoma nusu,
mpaka asogee penye chakula.

Hesabu yangu nimeandika: herufi ishirini na nne.
Zipo ishirini na tano.
Vile viazi, nakumbuka, vilikuwa vya ndimu.